Rais wa kura ya wananchi au kiongozi anayetoka Bungeni: ipi ingetufaa Uganda?

Pale Busia, upande wa Uganda, kuna kibanda cha chai ambacho mjadala huu umetukalisha jioni nyingi. Tupo walimu wawili wa Kiswahili, vijana wa kubadilisha fedha, madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zipite forodhani, mzee mmoja mstaafu, na mama anayeuza samaki wa kutoka ziwani. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana hapo kuna Wasamia, Wateso, Waganda, na Wakenya wanaovuka mpaka kuja kunywa chai nasi.

Swali lenyewe ni hili: tuendelee kumchagua rais kwa kura zetu wenyewe, au tuchague wabunge tu, kisha Bunge ndilo limweke kiongozi wa serikali, kama inavyofanyika Uingereza na Afrika Kusini? Wazo la pili huzuka Kampala mara kwa mara. Wengine hulipinga hata kabla ya kulielewa, wengine hulishangilia kwa sababu wamechoka na uchaguzi wa rais unaojaa mabomu ya machozi. Nimeona niziweke njia hizi mbili kando kwa kando, ili siku ukiulizwa maoni yako usijibu kwa hasira ya siku hiyo.

Niseme mapema kwamba mimi nilianza nikiwa upande wa Bunge. Sasa sipo huko tena, ingawa yapo mambo ya huko ambayo bado nayatamani sana.

Njia zenyewe

Kwa Katiba yetu ya 1995, Rais ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu, vyote kwa mtu mmoja. Anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, na ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali; asipopata, wawili walioongoza wanarudiana. Hakai Bungeni kama mbunge. Mawaziri anawateua yeye, Bunge likiwaidhinisha, na anaweza kumteua mtu ambaye hajawahi kugombea hata udiwani. Yupo Waziri Mkuu pia, lakini huyu anasimamia shughuli za serikali Bungeni na kuratibu wizara. Robinah Nabbanja alipoteuliwa mwaka 2021, hakuna aliyeshika kalamu kupiga hesabu ya viti, kwa kuwa cheo hicho hakitokani na viti. Kinatoka kwa Rais na kinaweza kurudi kwa Rais asubuhi yoyote.

Katika njia ya Bunge, wewe mwananchi unachagua mbunge wako na kazi yako imeisha. Chama chenye viti vingi, au vyama vilivyoungana vikapata wingi, kiongozi wao ndiye anakuwa mkuu wa serikali. Anabaki pale maadamu wabunge wengi bado wako naye. Afrika Kusini wao wanamwita Rais, lakini naye huchaguliwa na Bunge la Taifa.

Kwa hiyo katika njia ya pili, anayeshinda uongozi wa chama kikubwa ameshinda nchi. Mkutano wa chama unageuka kuwa uchaguzi wa taifa, wakati wengi wetu hatuna kadi ya chama chochote.

Hatuanzi sifuri

Vijana wa kubadilisha fedha walishangaa nilipowaambia kwamba Uganda imewahi kuipita njia ya Bunge, tena mara mbili. Walikuwa wanadhani ni jambo la Wazungu.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu kwa sababu chama chake cha UPC kiliungana na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka (mfalme wa Buganda), na kwa pamoja wakawa na wabunge wa kutosha. Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa heshima mwaka 1963. Halafu wabunge wa upinzani wakaanza kuhama. Mwishoni mwa 1964 hata kiongozi wa upinzani mwenyewe, Basil Bataringaya wa chama cha DP, alivuka na wenzake kwenda UPC. Hakuna mpiga kura aliyeulizwa. UPC ikanenepa bila uchaguzi, ikawa haimhitaji tena mshirika wake.

Lakini chama kinaponenepa hivyo, ugomvi unahamia ndani. Mwaka huohuo wa 1964, katika mkutano wa wajumbe wa UPC uliofanyika Gulu, Grace Ibingira alimshinda John Kakonge kwenye ukatibu mkuu. Tangu hapo kukawa na kambi mbili ndani ya nyumba moja. Februari 1966 Bunge lilipitisha hoja ya mbunge Daudi Ocheng iliyomgusa ofisa wa jeshi Idi Amin katika sakata la dhahabu ya Kongo, wakati Obote akiwa safarini kaskazini. Katika nchi yenye mazoea ya njia ya Bunge, ishara ya namna hiyo ingemfanya Waziri Mkuu arudi haraka kuhesabu wabunge wake. Obote alirudi, na tarehe 22 Februari mawaziri watano, Ibingira akiwa mmojawapo, wakakamatwa katika kikao cha baraza la mawaziri Entebbe. Katiba ikasimamishwa. Mwezi Aprili wabunge wakapewa katiba mpya waipitishe papo hapo, nakala zao wakaambiwa watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Mwezi Mei jeshi likashambulia jumba la Kabaka Mengo.

Mara ya pili ilikuwa Desemba 1980. Hapa namwachia mzee wetu mstaafu, maana yeye alipiga kura. Tulikuwa tunabishana, akaweka kikombe chini akasema, "Mimi sikupewa karatasi yenye jina la Obote. Kila chama kilikuwa na sanduku lake. Uliingia pale ndani na kikaratasi chako, unatafuta sanduku la chama, unatumbukiza. Nikampigia mbunge wangu, nikarudi nyumbani, nikasikia redioni nimepata Rais." Akaonyesha kwa vidole jinsi kile kikaratasi kilivyokunjwa, kidogo kama tiketi ya matatu. UPC ilitangazwa kupata viti 75, DP 50, na UPM ya Yoweri Museveni kiti 1, na Museveni mwenyewe alishindwa ubunge. Kiongozi wa chama kilichotangazwa mshindi akawa Rais. Matokeo yakabishaniwa, na miezi michache baadaye vita vya msituni vya Museveni vikaanza.

Sidai kwamba njia ya Bunge ndiyo iliyoleta vita. Wizi wa kura unaiharibu njia yoyote. Ila ukweli unabaki kwamba Mganda hakuwahi kumpigia Rais kura moja kwa moja hadi Mei 1996, miaka 34 baada ya uhuru. Ndiyo maana watu wa umri wa yule mzee hawaachi haki hiyo kirahisi. Tulikaa muda mrefu tukipata marais kwa redio.

Siku ya kuingia

Katika kumwingiza kiongozi, njia yetu ya leo inashinda, sina haja ya kuzunguka. Kura ya mama wa samaki Busia ina uzito sawa na ya profesa wa Makerere. Mgombea analazimika kufika Karamoja, Kigezi na West Nile, hata kama hapendi vumbi, kwa kuwa anahitaji zaidi ya nusu ya nchi nzima. Njia ya Bunge inaruhusu chama kutwaa serikali kwa viti vilivyorundikana sehemu moja.

Nilipomweleza mama wa samaki kwamba Bunge linaweza kuokoa gharama za uchaguzi wa pili, alinikatiza. "Mwalimu, kwanza mbunge wangu namwona mara moja kwa miaka mitano. Sasa unataka nimpe kura, halafu yeye aende Kampala akanichagulie Rais? Atamuuza kabla basi halijafika Jinja." Sikuwa na jibu. Bunge la kumi na moja lilikuwa na wabunge 529. Kuwashawishi watu 529 wanaokula hoteli zilezile ni kazi rahisi kuliko kuwashawishi mamilioni waliotawanyika vijijini, na mwenye fedha za serikali mkononi anajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Siku ya kutoka

Hapa ndipo nilipopenda njia ya Bunge, na bado moyo wangu uko hapa. Watu wengi wanalinganisha mifumo kwa kuangalia siku ya uchaguzi peke yake. Mimi naona uangalie zaidi kile kinachoweza kutokea katikati ya miaka mitano, kiongozi akichoka, akiharibu, au akikataa kusikia.

Tazama Uingereza. Margaret Thatcher alikuwa ameongoza miaka 11 na kushinda chaguzi kuu tatu. Novemba 1990 wabunge wa chama chake mwenyewe walipiga kura ya uongozi. Alipata 204, mpinzani wake Michael Heseltine 152. Alishinda, lakini kanuni za chama zilitaka tofauti kubwa zaidi, akapungukiwa kura nne. Siku mbili baadaye akatangaza kuondoka. Hakuna aliyetoka barabarani, hakuna kifaru, upinzani haukuhusika. Ni watu wake mwenyewe walihesabu wakaona wakienda naye uchaguzi ujao watazama.

Mwaka 2022 wakazidisha. Boris Johnson alinusurika kura ya wabunge wake mwezi Juni kwa 211 dhidi ya 148, lakini Julai mawaziri wake wakamiminika kujiuzulu hadi akasalimu amri. Wanachama wa chama wakamchagua Liz Truss, akakaa siku 49 tu, na nafasi yake ikachukuliwa na Rishi Sunak. Mawaziri wakuu watatu katika mwaka mmoja, na wananchi hawakuitwa kupiga kura hata mara moja. Kwa hiyo mlango wa kutokea ukiwa mwepesi sana, nyumba inakosa utulivu, na mwenye nyumba hajui nani amelala ndani.

Afrika Kusini iko karibu nasi zaidi kwa tabia. Desemba 2007, katika mkutano wa chama tawala cha ANC kule Polokwane, Jacob Zuma alimshinda Thabo Mbeki kwa kura 2,329 dhidi ya 1,505. Mbeki alikuwa bado Rais wa nchi, lakini chama hakikuwa chake tena. Septemba 2008 chama kikamtaka ang'atuke, akang'atuka. Miaka kumi baadaye kisu hichohicho cha chama kikamfikia Zuma: Cyril Ramaphosa akashinda uongozi wa ANC Desemba 2017, na Februari 2018 Zuma akajiuzulu urais. Marais wawili waliondolewa na chama chao wenyewe, bila risasi.

Sasa njoo kwetu. Kumwondoa Rais wa Uganda kabla ya muda wake kunahitaji theluthi nzima ya wabunge watoe taarifa kwa Spika, sababu ziwe zile zilizotajwa katika Katiba, kama matumizi mabaya ya madaraka, mwenendo mbaya au kutojiweza, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wakubali. Bunge kuchoka naye tu si sababu. Na katika Bunge lililochaguliwa 2021, chama tawala cha NRM kilikuwa na wabunge 336 kati ya 529. Piga hesabu mwenyewe.

Ukomo wa mihula ndio uliokuwa mlango wetu wa kutokea. Katiba ya 1995 iliweka mihula miwili. Mwaka 2005 Bunge likaufuta ukomo huo. Desemba 2017 likafuta na ukomo wa umri wa miaka 75, wabunge wakiwa wamekwisha kupigana ngumi ndani ya ukumbi miezi michache kabla. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakubali mabadiliko ya umri, majaji wanne dhidi ya watatu. Huwa nawaambia wenzangu kibandani: mfumo wa rais wa kuchaguliwa na wananchi bila ukomo wa mihula ni nusu ya mfumo. Marekani wanao ukomo. Jirani zetu Kenya na Tanzania wanao. Wenye mfumo wa Bunge wanaweza kuishi bila ukomo kwa kuwa wabunge wanashika kile kisu. Sisi tumeacha ukomo, na kisu hatukukichukua.

Kisu kiko wapi kwetu?

Kijana mmoja aliuliza swali zuri: kwa nini wabunge wa chama tawala hapa hawafanyi kama wale wa Thatcher?

Kwanza, hata wakikasirika, kura yao haimwondoi Rais. Hakuteuliwa nao.

Pili, kuna Ibara ya 83 ya Katiba. Mbunge akikihama chama kilichompeleka Bungeni, anapoteza kiti. Kanuni hiyo ina sababu yake nzuri, tukikumbuka walivyohama kina Bataringaya, na mimi naiunga mkono. Lakini inamweka mbunge mkononi mwa chama. Mwaka 2013 NRM iliwafukuza wabunge wanne waliokuwa wakaidi: Theodore Ssekikubo, Muhammad Nsereko, Wilfred Niwagaba na Barnabas Tinkasiimire, kisha kukawa na juhudi ya kuwanyang'anya na viti. Kesi ikazunguka mahakamani hadi mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliposema kwamba kufukuzwa si sawa na kuhama, viti ni vyao. Hukumu ile ni ya thamani kubwa, na inasikitisha kwamba wapiga kura wengi hawaijui.

Tatu, na hili ndilo limenifanya nifikiri upya, angalia nani anashika vyeo ndani ya chama. Amama Mbabazi alichaguliwa katibu mkuu wa NRM na wajumbe mwaka 2010, akiwashinda Gilbert Bukenya na Kahinda Otafiire. Baadaye akawa Waziri Mkuu pia. Alipoanza kuonekana kama mtu anayeutamani urais, wabunge wa chama walipitisha azimio Kyankwanzi, Februari 2014, kwamba Rais Museveni awe mgombea pekee wa 2016. Tarehe 18 Septemba Rais akamwondoa uwaziri mkuu na kumweka Ruhakana Rugunda siku hiyohiyo. Desemba wajumbe wakakusanyika Namboole, wakabadilisha katiba ya chama: katibu mkuu hatapigiwa kura tena, atateuliwa na mwenyekiti. Mbabazi akatoka, akagombea urais 2016 nje ya chama, akapata chini ya kura mbili katika kila mia.

Weka jambo hilo kando ya lile la Thatcher. Kule, wa chini walimhesabia wa juu. Hapa, wa juu alimfutia wa chini hata sanduku la kura. Sasa jiulize: tukilipa Bunge la namna hii kazi ya kumchagua Rais, litakuwa linachagua au litakuwa linathibitisha? Kisu cha Uingereza hakitoki Bungeni, kinatoka ndani ya chama. Bila chama chenye kura za kweli, njia ya Bunge ingetuletea hasara ya kwake na isitupe faida yake.

Kuna kumbukumbu moja inayonitia moyo. Bunge la sita, lile la miaka ya tisini ambalo wabunge wake hawakuingia kwa tiketi za vyama, lilipigia Jim Muhwezi kura ya kutokuwa na imani mwaka 1998, na Sam Kutesa mwaka 1999, wote wakiwa mawaziri wa nchi. Wabunge wa Uganda wanaweza kuuma. Wote wawili walirudi serikalini baadaye, na hilo nalo linakuonyesha uteuzi uko mkononi mwa nani.

Nani amchague kiongozi wa chama?

Uchague njia yoyote kati ya hizo mbili, swali hili linakufuata, kwa hiyo tulilinganishe nalo.

Wabunge peke yao wakichagua, wanamjua mtu kwa kazi, si kwa mabango, na wanaweza kumwondoa haraka. Lakini ni wachache, na kwetu wachache wana bei.

Wanachama wote wakichagua, kiongozi anapata uhalali mkubwa, ila anaweza kugongana na wabunge wake. Chama cha Labour kule Uingereza kilionja hilo mwaka 2016: wabunge 172 walimkataa Jeremy Corbyn, 40 tu wakamtaka, na wanachama wakamrudisha kwa kishindo miezi mitatu baadaye. Na kwetu kuna tatizo la kabla ya hapo: daftari la wanachama. Nimeshiriki kura ya mchujo ya chama kimoja, ngazi ya udiwani, tukiwa tumepanga mstari nyuma ya mgombea. Jua la saa saba. Mbele yangu alikuwa kijana wa boda ameshika kofia yake ya pikipiki. Msimamizi alianza kuhesabu akigusa kila mtu begani: moja, mbili, tatu. Alipofika kama wa thelathini, mtu wa fedha alipita upande wa pili akiwa ameweka mkono mfukoni, na yule kijana akanitazama, akasema, "Mwalimu, samahani, nina watoto," akahama mstari. Walihesabu mara tatu siku ile, na kila mara idadi ilikuwa tofauti. Daftari lililosomwa lilikuwa na majina ya watu ambao hapo kijijini hatujawahi kuwaona.

Sitamlaumu yule kijana mpaka naingia kaburini. Mstari wa wazi unamweka maskini mbele ya macho ya mwenye fedha na mwenye cheo kwa wakati mmoja. Wakenya walikwisha kuona mlolongo wa 1988 ulivyowafanya. Sisi tulichagua wenyeviti wa vijiji (LC1) kwa mstari Julai 2018, na kwa kijiji kidogo pengine inavumilika. Kwa uongozi wa chama kinachotaka kushika nchi, haivumiliki.

Wajumbe wa mkutano mkuu ndio njia ya katikati, na mimi ndiyo ninayoichagua, kwa masharti mawili: wajumbe wenyewe wawe wamechaguliwa matawini, na kura iwe ya siri. Mfano mzuri uko hapo Tanzania. Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe, mwenyekiti wa muda mrefu wa chama cha upinzani cha Chadema, kwa kura 513 dhidi ya 482. Tulifuatilia usiku ule kwenye simu pale kibandani, Kiswahili kitupu, hakuna aliyehitaji mkalimani. Zilipotangazwa zile namba, mama wa samaki aliuliza, "Na huyo aliyeshindwa amekubali?" Tukamwambia amekubali. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe inawezekana."

Upinzani wetu nao usijifiche nyuma ya makosa ya chama tawala. Chama cha FDC kilianza vizuri: Kizza Besigye aliachia urais wa chama 2012 kabla ya muda wake, Mugisha Muntu akamshinda Nandala Mafabi. Muntu aliposhindwa na Patrick Amuriat 2017, hakukaa, akaenda kuanzisha chama kingine. Mwaka 2023 FDC yenyewe ikapasuka kambi mbili, ya Najjanankumbi na ya Katonga. UPC imebishana miaka mingi kuhusu nani ndiye rais wake halali. Rais wa DP, Norbert Mao, alitia saini makubaliano na NRM Julai 2022 na kupewa uwaziri wa sheria, na wanachama wengi wakasema wameyasikia kama wananchi wengine. Katiba, Ibara ya 71, inavitaka vyama vyote viwe na demokrasia ndani na viongozi wa kitaifa wachaguliwe mara kwa mara. Haisemi chama tawala peke yake.

Aliyeshindwa huenda wapi

Hili ni fupi lakini usilisahau. Mwaka 2021 Robert Kyagulanyi (Bobi Wine), mgombea wa upinzani, alitangazwa kupata takriban asilimia 35 ya kura za urais. Katika njia ya Bunge, mtu kama huyo angekaa mbele ya kiongozi wa serikali kila wiki akimhoji. Kwetu anabaki nje, hana hata kiti, na Kiongozi wa Upinzani Bungeni ni mtu mwingine aliyepangwa na chama chake. Hasira ya watu mamilioni inakosa pa kukaa, inaenda barabarani. Katika hili njia ya Bunge inatupita mbali.

Basi uchague ipi

Kama kinachokusumbua zaidi ni kwamba nchi ina mikoa, makabila na dini nyingi, na unataka kila mtu ahesabike, baki na kura ya moja kwa moja. Kama kinachokusumbua ni kiongozi asiyeondoka, usidanganywe kwamba Bunge litamwondoa. Dai ukomo wa mihula urudi, na safari hii ufungwe kwa namna ambayo Bunge peke yake haliwezi kuufungua bila kura ya maoni ya wananchi. Kama unachotaka ni upinzani wenye kiti na sauti, njia ya Bunge inakufaa, lakini subiri kwanza uone vyama vikipiga kura za siri ndani mwake.

Kama una kadi ya chama, chochote kile, kazi yako iko karibu zaidi kuliko Kampala. Kwenye mkutano ujao wa tawi, uliza nani aliliandika daftari, lini lilihakikiwa, na kwa nini tunapanga mstari badala ya kutumia sanduku. Mimi nimeandika maswali hayo matatu kwenye daftari langu la shule, na yule kijana wa boda ameomba nimwandikie nakala.